Geji inasema njaa, plagi inasema shibe

Najua nimekuwa kimya toka UE ziishe, na nasikia huko Hall kuna watu walishaanza kusema nimedisko. Hamna kitu kama hicho jamani, nimepita na nimesharudi Mlimani. Nilikuwa nyumbani Wesha, Pemba, na wenzangu wa kundi la mradi wanajua niliondoka na nini kwenye begi: ile waidibendi tuliyoichangia kwa hela ya boom. Msiwe na presha, imerudi nzima. Ila kule ilipata kazi, na kazi yenyewe si ya kuacha bila kuiandika.

Kwa wale wa sheria na ualimu ngoja nieleze kwanza. Waidibendi ni sensa ya oksijeni yenye upeo mpana. Inakaa kwenye bomba la ekzosi, inapima oksijeni iliyomo kwenye moshi, halafu geji inakupa namba. Kwa petroli namba ya kukumbuka ni 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Chini ya hapo petroli imezidi, juu ya hapo hewa imezidi. Zile sensa za kawaida, ambazo Volvo walianza kuzifunga mwaka 1976 kwenye magari ya kwenda California, zinajua kusema "imezidi" au "imepungua" tu. Waidibendi inakwambia kwa kiasi gani. Honda Civic VX ya 1992 ilikuwa moja ya magari ya mwanzo kutoka nayo kiwandani. Yetu ni Bosch LSU 4.9, na uzuri wake unaweza kuifunga hata kwenye gari ambalo halijawahi kuona kompyuta.

Kirikuu ya ami ndiyo hiyo ambayo haijawahi. Ni Suzuki Carry ya injini 660, silinda tatu, kabureta, na injini iko chini ya kiti (hili la kiti mlishike, tutalirudia). Asubuhi inachukua samaki na barafu pale Wesha inapeleka Chake Chake, jioni inabeba chochote, mbao, magodoro, hata magunia ya karafuu msimu ukifika. Sasa ikawa inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta vibaya. Lita tano zinaisha kwa siku mbili. Fundi mmoja alimwambia ami injini imekwisha, atafute nyingine ya mtumba kutoka Dar. Hela ami alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya ada ya mwanawe anayeanza chuo. Nimefika nyumbani nikakuta mzee kakaa barazani anapiga hesabu, injini au ada.

Mimi kilichonitatiza ni rangi ya moshi. Injini iliyochoka, ringi zikilegea, inakula oili na moshi wake unakuwa wa bluu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Nikamwambia, "Ami, kabla hujatoa hela, tupe siku tatu mie na fundi." Akacheka. "Haya mwanangu, siku tatu. Samaki hawangoji."

Fundi ninayemsema ni jirani yetu, mtu mzima, karakana yake ni kivuli cha mwembe na sanduku la spana. Kabureta anaiweka sawa kwa sikio na kwa kutazama plagi. Alipoiona sensa akaigeuza geuza mkononi. "Hii ndo inayosema, injinia?" Nikamjibu, "Inasema fundi, lakini tutaisikiliza wote wawili."

Kazi ya kwanza ilikuwa tundu. Sensa inajifunga kwenye nati yake ya milimita 18 ambayo lazima ichomelewe kwenye bomba. Tukachagua sehemu iliyo mbele kidogo ya pale mabomba ya silinda tatu yanapoungana, ili moshi wa zote upite hapo. Nati tukaielekeza juu, si chini. Kila lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji! Gari likiwa baridi maji hayo yanatembea chini ya bomba, na sensa ndani yake ina seramiki inayopashwa moto hadi kama nyuzi 780. Tone la maji baridi likiigusa inapasuka. Kwa hiyo iiname angalau nyuzi 10 juu ya mlalo, maji yasituame. Wakati wa kuchomelea tulichomoa betri, na sensa ilikuwa bado kwenye boksi. Umeme siku hiyo haukutuangusha. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kabla ya hapo yalikuwa ni majenereta ya dizeli, na fundi ana visa vingi vya kazi zilizolala kwenye giza la miaka hiyo.

Halafu nyaya. Sensa yenyewe inatoka na nyaya tano, lakini plagi yake ina pini sita, kwa sababu ndani ya plagi kuna kirezista ambacho kiwandani wamekipima kwa ajili ya sensa hiyo hiyo moja. Ndiyo maana huruhusiwi kukata plagi na kuunga nyaya unavyotaka. Ukikata umetupa kipimo. Zinakwenda kama zilivyo hadi kwenye kidhibiti, mbali na ekzosi, zimefungwa zisining'inie. Kidhibiti kinataka chanya na hasi. Chanya tuliitoa kwenye waya unaopata moto suichi ikiwashwa, tukaweka fyuzi ya ampea 5. Ukiichukua moja kwa moja kwenye betri, hita ya sensa itakunywea betri usiku kucha.

Hasi ndiyo iliyotuchukua muda. Hewa ya Wesha ina chumvi na bodi ya kirikuu imeshaliwa. Fundi alitaka tufunge kwenye bolti ya bodi iliyo karibu. Tukapima kwanza na mita: ncha moja kwenye bolti ile, nyingine kwenye hasi ya betri, taa kubwa zimewashwa. Volti 0.4. Ilitakiwa iwe karibu na sifuri. Kifaa chetu kinapeleka namba kwenye laptop kwa volti, 0 maana yake 10 na 5 maana yake 20, kwa hiyo kila volti 0.1 ya kupotea inabadilisha namba kwa 0.2. Hapo tungekuwa tunasoma uwongo wa karibu namba nzima. Basi tukapeleka hasi zote, ya kidhibiti na ya kile cha laptop, sehemu moja kwenye bloki ya injini pale waya wa betri unapofungwa. Tukakwangua mpaka chuma king'ae, tukakaza, tukapaka grisi juu.

Siku ya pili tukawasha. Geji ikahesabu, sensa ikapata moto, namba ikatoka: 17. Gari limesimama, linaunguruma, na geji inadai petroli ni chache mno. Fundi hakusema kitu. Akazima, akachomoa plagi zote tatu, akanipangia juu ya kiti. Nyeusi tii, masizi matupu, zinanuka petroli.

"Haya injinia, geji yako inasema njaa, plagi zangu zinasema shibe. Nani mwongo?"

Tukawasha tena. Akakanyaga mafuta, namba ikashuka hadi 12. Akaachia, ikapanda 17. Fundi akauliza swali ambalo kwa kweli lilikuwa zuri kuliko maswali mengi ya semina zetu: "Mbona ikisimama ina njaa na ikikanyagwa ina shibe? Tumbo ni moja."

Na jibu liko kwenye jina la sensa yenyewe. Hii ni sensa ya oksijeni, petroli haiioni kabisa. Ikikuta oksijeni nyingi inasema hewa imezidi, haijui oksijeni hiyo imepitia wapi. Ikiwa bomba lina upenyo kabla ya kufika kwenye sensa, basi injini ikiunguruma taratibu moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo bomba linavuta hewa ya nje kupitia upenyo ule. Sensa inakula hewa ya Wesha, si moshi wa injini. Ukikanyaga, moshi unakuwa mwingi na presha inasukuma nje, hewa inayoingia inakuwa kidogo, na namba inakaribia ukweli.

Nilipomaliza kueleza, fundi alikuwa ameshachukua kitambaa kinene. Akaziba mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache gari likiunguruma, mie nimeinua kiti. Chsss, chsss, chsss... pale manifoldi inapokutana na injini, gasketi imeungua upande mmoja, na chuma cha jirani kimepakwa masizi.

Chini ya kiti cha dereva, wadau. Chini ya ami.

Mke wa ami alikuwa karibu anaanua nguo. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Ndo maana basi. Huyu kila jioni anarudi kichwa kinamuuma, tunasema jua." Nikauliza, siku za mvua je, akifunga vioo? Akasema siku hizo ndiyo anarudi analala kabisa, chakula hataki.

Injini inayozidishiwa petroli kiasi kile inatoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, asilimia kadhaa ya moshi wote. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mapafuni inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu na mwili hauipati oksijeni. Inaanza kwa kichwa, kizunguzungu, usingizi. Mimi si daktari na sitasema zaidi ya hapo. Lakini kiti cha pembeni yake ndicho wanachokaa wadogo zangu wawili akiwapeleka skuli. Hapo hesabu ya mafuta nikaisahau kabisa.

Fundi akataka kuziba haraka kwa silikoni ya chupa. Nikamuomba tusitumie, kwa sababu mvuke wa silikoni unaua sensa, na juu ya manifoldi yenyewe isingedumu. Akakubali, akaenda Chake akarudi na gasketi nzima. Tukasafisha uso, tukafunga, tukaziba tena ekzosi na kusikiliza. Kimya.

Tukawasha. 11.1. Ikikanyagwa, 11 na kitu. Sasa geji na plagi zikawa zinasema neno moja. Gawanya 14.7 kwa 11 utaona petroli ilikuwa inazidi kwa karibu theluthi. Fundi akafungua kabureta. Sindano ya boya imelika, na jeti kubwa ina mikwaruzo ndani, inaonekana kuna mtu aliwahi kuizibua kwa waya mpaka akaipanua. Siku ya tatu akapata jeti na sindano kwenye kabureta chakavu ya aina hiyo hiyo, tukafunga, yeye anageuza skrubu na mie nasoma namba. Anageuza, anasikiliza, ananiangalia. Mara nyingi alikuwa ameshaacha kugeuza kabla sijamwambia. Tukamaliza ikisimama 14.2, mwendo wa kawaida 14.6, mlimani na mzigo 12.8.

Ami akapenda mchezo. "Punguzeni tena, ifike hata 16, inywe kidogo." Hapo fundi ndiye aliyemjibu, si mimi: gari la mzigo ukilinyima petroli mlimani linachemka na valvu zinaungua, halafu hiyo injini ya Dar utainunua kweli. Ami akanyamaza.

Lita tano sasa zinakwenda karibu siku tatu. Injini haikununuliwa, ada imelipwa. Na wiki zote mbili nilizobaki pale sikusikia habari ya kichwa. Kabla ya kuondoka nilichomoa sensa na tundu tukaliziba kwa bolti, kwa sababu sensa ikiachwa kwenye ekzosi bila umeme inajaa masizi na kufa.

Ombi kwa kundi la mradi: mtihani wa mradi ukiisha tusiiuze hii kitu. Tuizungushe kwenye gereji za mafundi wa kabureta, likizo hadi likizo, kila mmoja kwao. Na nyie wengine wenye Hiace, Carry na ndugu zake, zile injini zinazokaa chini ya viti, inueni kiti leo mtazame kama kuna masizi kwenye maungio ya ekzosi. Kwa hilo huhitaji sensa, unahitaji tochi.

Haya, nina kipindi saa mbili asubuhi. Tuonane kafeteria.