Mechi kwa Mkapa, Moyo Bagamoyo

Unakuja Dar na mwenzi wako kuangalia Simba na Yanga? Safi sana. Ila dakika 90 ni kidogo mno kubeba safari ya watu wawili, na kuna siku hata hizo 90 hazichezwi. Panga wikiendi ndefu ambayo itasimama hata mpira ukiahirishwa.

Tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Katika nyumba nyingi za vijana mmoja ana timu, na mwingine ana mwenye timu. Mwenye timu akisema "twende Dar kwenye dabi", mwenzake anasikia mengine kabisa: nauli mbili, hoteli, jua, kelele, na mtu atakayenuna siku tatu wakifungwa. Sasa chukua hao wawili uwatoe Nairobi, Kampala, Muscat au Minneapolis, na likizo yenyewe ni hiyo moja ya mwaka mzima. Hapo safari si ya mpira tena, ni ya nyumba.

Dabi yenyewe inastahili nauli, hilo halina ubishi. Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikafuata 1936, na tangu hapo Kariakoo haijalala. Mechi yao kubwa hupigwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, uliofunguliwa 2007 ukiwa na viti 60,000. Wengi wetu tuliujua kama Uwanja wa Taifa mpaka ulipobadilishwa jina 2020, na siku hizi mtaani ni "kwa Mkapa" tu. Mwezi Agosti 2025 ulifungua mashindano ya CHAN, Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso 2-0. AFCON ya 2027 nayo wamepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Kwa hiyo hata kama humjui mchezaji yeyote wa Jangwani wala wa Msimbazi, mambo haya yatakufaa.

MPIRA UNAWEZA USICHEZWE

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalovunja safari za watu.

Tarehe 8 Mei 2021 dabi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo muda ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa muda wa awali, wakaondoka, na mchezo haukuchezwa. Ulikuja kupigwa tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1-0. Ukadhani yameisha? Tarehe 8 Machi 2025 Simba walilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi, wakasema hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku yenyewe. Ulichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Kati ya Machi na Juni ni zaidi ya miezi mitatu. Nani ana likizo ya namna hiyo?

Dawa yake ni hii:

• Nunua tiketi ya ndege au basi inayoruhusu kubadili tarehe, hata kama inazidi bei kidogo.

• Usifike siku ya mechi. Fika angalau siku moja kabla, na usiondoke kesho yake asubuhi.

• Hoteli ya Dar iwe ya usiku mbili tu. Fedha nyingine iweke Bagamoyo, maana huko hakuna bodi ya kuahirisha bahari.

KABLA HAMJAFUNGA MABEGI

Wakenya na Waganda hawahitaji viza, lakini beba pasipoti. Wenye pasipoti za Ulaya, Marekani au Ghuba, ombeni viza mtandaoni mapema kupitia Idara ya Uhamiaji. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, aje na kadi ya chanjo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ile mifuko ya madukani iacheni nyumbani.

Fedha? Badilisheni mkifika. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zimezuia bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo mtu akikutajia chumba kwa dola, mwombe bei ya shilingi bila aibu.

Na kama mwenzi wako amekulia ughaibuni, mfundishe saa yetu kabla ya kupanda ndege. Mtu wa Dar akisema "tukutane saa tano" asubuhi, anamaanisha ile ambayo simu yako inaandika 11:00. Ndoa zimetikisika kwa vitu vidogo kuliko hicho.

SIKU YENYEWE

Tiketi siku hizi ni za kielektroniki, zinalipiwa kwa simu na kuingia kwenye N-Card. Kata kadi yako mapema, weka tiketi, na usimnunulie mtu anayekunong'oneza getini. Viingilio hutangazwa siku chache kabla. Mzunguko ndiyo bei ya chini na ndiko kwenye raha zote: ngoma, vuvuzela, matusi ya kistaarabu na yasiyo ya kistaarabu. Kama mmoja wenu ni mara yake ya kwanza na hapendi kusukumwa, lipieni VIP C au B. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kununiwa.

Ulizeni mapema mashabiki wa timu yenu wanakaa upande gani. Kuvaa nyekundu katikati ya kijani na njano si kosa la jinai, ila utataniwa mpaka ujute. Ndiyo maana wanaitwa watani wa jadi: utani unauma, lakini una mipaka, na anayekutania dakika ya 30 ndiye atakayekuuzia karanga dakika ya 50. Wapenzi wenye timu tofauti, kaeni upande mmoja. Mmoja avae shati lisilo na rangi ya ugomvi, afurahi kimoyomoyo. Mwenzio akifungwa, usimwimbie kwenye teksi. Mwache ale kwanza.

Temeke siku ya dabi haiendeki kwa gari. Tokeni hotelini mapema, mshuke mbali kidogo, mmalizie kwa miguu pamoja na umati. Msibebe begi kubwa, chupa wala vito. Simu mfuko wa mbele. Mkubaliane mahali pa kukutana mkipoteana, kwa sababu mtandao wa simu huelemewa watu wakiwa wengi. Filimbi ya mwisho ikilia, msikimbilie getini. Kaeni robo saa viti vipungue, mtatoka mkiwa mmeshikana mikono badala ya kushikana mashati.

KWA NINI BAGAMOYO IJE BAADA YA MECHI

Wageni wengi huangalia ramani na kusema: kilomita 70 tu, si tulale Bagamoyo, siku ya mechi tushuke Dar? Jamani, msijaribu. Bagamoyo iko kaskazini, uwanja uko kusini mwa jiji, na katikati kuna Bunju, Tegeta, Mwenge na foleni zake zote. Mtafika mkiwa mmegombana, na bao la kwanza mtalisikia redioni.

Lakini mkitanguliza mechi, kesho yake asubuhi mnaondoka na barabara inakuwa imetulia. Na uzuri wa mpango huu ni kwamba mechi ikiahirishwa, hakuna kinachobadilika. Asubuhi inayofuata mnaelekea kaskazini vilevile, mwenye timu akiwa na kinyongo chake, na mwenye mwenye timu akiwa na siku zake mbili mkononi.

Maana ndiyo mkataba wenyewe: siku ya Mkapa ni ya mmoja, siku za Bagamoyo ni za mwingine. Yeye ndiye anachagua mle wapi, mwamke saa ngapi, na kama redio ya uchambuzi wa soka itawashwa. Jibu la redio tunalijua.

Kwa usafiri, daladala za Bagamoyo zinapatikana stendi ya Makumbusho. Kwa gari binafsi, hesabuni saa moja na nusu hadi mbili.

SIKU MBILI ZA KUBWAGA MOYO

Jina la mji lina maelezo mawili, na yote mtayasikia. Wapo wanaosema wapagazi waliotembea miezi kutoka bara walifika hapa, wakatua mizigo na kubwaga mioyo, yaani kupumzika. Wengine wanasema ni watumwa waliobwaga mioyo yao hapa, wakijua hawatarudi kwao. Kabla hamjapiga picha za ufukweni, tembeleeni Mji Mkongwe mkiwa na hayo mawili kichwani. Caravan Serai, ilipopumzika misafara, iko pale. Boma la Wajerumani, lililojengwa 1897, liko pale. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya koloni lao mpaka 1891 walipohamia Dar.

Kwenye Misheni ya Kanisa Katoliki, iliyoanzishwa 1868 na Wamisionari wa Roho Mtakatifu, kuna makumbusho madogo yenye mengi. Mwaka 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, miezi mingi njiani. Mkitoka hapo, malalamiko ya foleni ya Tegeta yatapungua yenyewe.

Siku ya pili nendeni Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe. Chukueni mwongozaji wa pale pale. Atawaonyesha mbuyu wa miaka mingi ambao, kwa masimulizi, ukiuzunguka unaongezewa umri. Uzungukeni wote wawili, asije mmoja akabaki mjane kwa uvivu. Nendeni kwa bajaji au bodaboda. Kutembea wawili peke yenu ufukweni kati ya mjini na Kaole hatushauri, hasa mkiwa na kamera, na jua likizama msijaribu kabisa.

Jioni ulizieni TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Wanafunzi wake hufanya mazoezi ya ngoma, sarakasi na maigizo, na mara nyingine kuna onyesho. Kama likizo yenu inaweza kusogezwa, tafuteni tarehe za tamasha lao la kila mwaka. Huko mashabiki hawagawanyiki pande mbili.

Chakula cha mchana kipo soko la samaki, palepale ufukweni. Tazameni mnada, kisha mkae kwenye benchi mle samaki wa kukaanga au pweza, na ndimu na pilipili pembeni. Ni bei rahisi kuliko hoteli, na mmeona kilikotoka.

ADABU ZA PWANI

Bagamoyo ni mji wa watu wenye heshima zao na Waislamu ni wengi. Suruali fupi na vazi la kuogelea ni vya ufukwe wa hoteli. Mjini mama avae khanga au gauni refu, baba afunge shati. Kubusiana hadharani kuwekeni akiba. Salamu kwanza, ndipo bei: "Shikamoo mzee" itakupunguzia zaidi ya dakika kumi za kubishana. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Ikiwa ni Ramadhani, msile wala kunywa barabarani mchana.

Na jambo la bahari: maji ya Bagamoyo hukupwa mbali sana. Mnaweza kuamka mkakuta mchanga na matope tu mpaka upeo wa macho. Ulizeni hotelini saa za kujaa na kupwa kabla ya kuvaa nguo za kuogelea. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinaweza kuharibu matembezi ya Kaole, kwa hiyo kama dabi imeangukia huko, beba viatu vya matope.

MKIWA NA SIKU MOJA ZAIDI

Wakati wa kurudi Dar, simameni Kunduchi mchukue boti kwenda Kisiwa cha Mbudya. Mchanga mweupe, samaki wa kuchoma, na mnarudi jioni. Wenye gari imara na siku mbili zaidi, nendeni kaskazini Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako wanyama wa porini wanafika karibu na mawimbi.

MPANGO KWA UFUPI

Alhamisi au Ijumaa: fikeni Dar, badilisheni fedha, hakikisheni tiketi imo kwenye kadi.

Jumamosi: mechi. Kama imeahirishwa, chakula cha jioni kizuri, mlale mapema.

Jumapili: Bagamoyo. Mji Mkongwe, Misheni, samaki.

Jumatatu: Kaole asubuhi kabla ya jua kali, TaSUBa jioni.

Jumanne: rudini taratibu kupitia Kunduchi.

Na mwenye timu, jambo la mwisho: matokeo ya timu nyingine kwenye ligi utayaangalia ukiwa chooni, dakika mbili, kisha simu mezani. Ulishapewa Jumamosi yako.