Norham: Ngome ya Buluu, Mawe Mekundu

Ngome ya Norham iko ukingoni mwa mto Tweed, upande wa Uingereza. Ng'ambo ni Uskochi. Katika mchoro wa rangi za maji wa J.M.W. Turner wa miaka ya 1820, uliohifadhiwa Tate jijini London, ni kivuli cha buluu ndani ya ukungu, jua likichomoza nyuma yake na ng'ombe wakiwa mtoni. Ukifika langoni pake unakuta kitu kingine kabisa: mawe yenye wekundu, mahandaki yaliyoota nyasi, na gofu la mnara mkuu wa karne ya 12.

Mchoraji hakudanganya. Aliitazama ngome akielekea mashariki, asubuhi na mapema. Jua likiwa nyuma ya jengo, wekundu wa mawe hupotea wote, likabaki umbo na unyevu wa mto. Rangi za maji zinaiweza kazi hiyo: mwanga haupakwi, ila karatasi nyeupe huachwa, au hupitishiwa rangi nyepesi mno, ikang'aa yenyewe.

Alichokiacha nje ni vita. Askofu wa Durham aliianzisha ngome hii mwaka 1121 kulinda mpaka, na Waskochi waliizingira mara kwa mara. Agosti 1513 mfalme wao, James IV, aliivunja kwa mizinga. Mwezi uliofuata akauawa katika mapigano ya Flodden, si mbali na hapo. Kwa Turner hakuna hata askari mmoja. Sioni kosa: alipofika mara ya kwanza mwaka 1797, kijana wa miaka 22, nchi hizo mbili zilikuwa zimeungana miaka 90 nyuma.

Aliirudia Norham karibu maisha yake yote. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, akipita hapo, aliivulia kofia, kwa kuwa picha yake ya 1798 ndiyo iliyomfungulia riziki. Ya mwisho, ya takriban 1845, ni ya rangi za mafuta zilizopakwa kwa wepesi wa maji. Wengi wanaitukuza hiyo. Mimi naipenda zaidi ile ya miaka ya 1820: humo jiwe linayeyuka mbele ya macho yako, ilhali katika ya mwisho limekwisha kuyeyuka.

Ukienda, nenda kiangazi, ukae ukingo wa Uskochi kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukifika saa nne, utaona gofu jekundu na miti tu.