Nyumba Isile Shamba: Tulivyopata Kwetu Kiembe Samaki

Kawaida hapa tunazungumza nyanya, migomba na kuku. Leo tuzungumze nyumba, maana msimu huu nimeulizwa habari ya nyumba mara nyingi kuliko habari ya mbolea. "Bibi shamba, mtu wa kuuza ndizi kama mimi atanunuaje nyumba mjini?" Na nyuma ya suali hilo mara nyingi lipo jengine, husemwa kwa sauti ya chini: "Niuze shamba?"

Mimi na mume wangu tulinunua Kiembe Samaki, na ilituchukua miaka saba. Mimi nina mshahara, mtaniambia. Kweli, lakini mshahara ulikuwa unaishia kwenye kodi ya vyumba viwili, nauli na mahitaji ya watoto. Kilichonunua nyumba ni kuku wa mayai, ndizi za Bambi na biashara ya samaki ya mume wangu. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanamhusu mtu ambaye pesa yake huja kwa msimu.

Kwa nini Kiembe Samaki

Tulitaka mahali ambapo mume wangu atafika Darajani alfajiri na mimi nitatoka kwenda mashamba bila ya kubadilisha gari mara tatu. Daladala ya 505 inapita, skuli zipo, soko la Mombasa liko karibu. Ubaya wake kila mtu anaujua: tuko jirani na Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, na ndege ikipita mazungumzo husimama.

Na bei haisubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu wameongezeka, kisiwa ni kile kile.

Unanunua haki, kuta baadaye

Kabla ya kuuliza bei, elewa unachokinunua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali, na Sheria Namba 12 ya 1992 inasema hivyo hivyo: ardhi ni ya umma, wewe unapata haki ya kuitumia. Basi muuzaji hakuuzii udongo. Anakuhamishia haki yake, na kama haki hiyo ina kasoro, kasoro unaihamishia nyumbani kwako.

Tuliziacha nyumba tatu kwa sababu hiyo. Nitazieleza, kwani wewe nawe utakutana nazo.

Ya kwanza ilikuwa nzuri na bei yake laini. Muuzaji alikuwa kijana mpole, nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Niliuliza: warithi wangapi? Mama mjane, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, mmoja wao yuko Maskati. Tukapiga hesabu ya mirathi pale pale barazani. Mjane ana thumni. Saba ya nane zilizobaki zinagawiwa watoto, mwanamme mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Mafungu yakawa saba, kwa hiyo kila binti ana thumni moja na kila kijana ana robo. Nyumba ikiuzwa milioni 40, mama na kila binti wana milioni 5 kila mmoja, na yule kijana mpole ana milioni 10 tu. Alikuwa anauza robo yake pamoja na robo tatu za wenzake. Nilimwomba wakala wa maandishi kutoka kwa dada wa Maskati na saini za wengine wote. Akasema dada hana neno. Pengine kweli hana, lakini neno lake tungelisikia siku ambayo amerudi na sisi tumeshaezeka upya. Tukaondoka kwa heshima.

Ya pili ilikuwa kiwanja chenye minazi sita na mwembe. Hapa kazi yangu ilinisaidia. Mkulima wa Unguja anajua kuwa mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Nilimuuliza jirani nani huangua nazi hizi. Akataja mtu ambaye muuzaji hakuwahi kumtaja. Kila unapoona mti mkubwa, uliza ni wa nani, na kama una mwenyewe, alipwe na asaini kabla hujamlipa muuzaji.

Ya tatu tuliiona mwezi wa Januari, kavu, safi, imepakwa rangi mpya hadi kiunoni. Rangi mpya ya chini peke yake ilinitia shaka. Tulirudi masika. Maji yalikuwa yameingia mpaka kwenye karo na harufu inakupokea mlangoni. Aliyewahi kuiona barabara ya Mwanakwerekwe ikigeuka ziwa hahitaji kuelezwa. Nyumba inayouzwa kiangazi itazame tena masika, na kama haiwezi kusubiri, mtafute jirani mkongwe umuulize maji hufika wapi.

Nyongeza mbili. Mali ya wakfu haiuzwi, hata kama anayeiuza ana funguo. Na eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zilitolewa zilimwe. Ukionyeshwa kiwanja kilichokatwa humo, nenda ofisi ya ardhi kwanza, dalali baadaye.

Hesabu ya mwezi mbaya

Wakulima wengi hupiga hesabu ya nyumba mwezi wa mavuno. Nataka uipige mwezi ambao hakuna kitu.

Tuseme unapata 700,000 kwa mwezi katika miezi sita mizuri na 250,000 katika miezi sita mibaya. Wastani wake ni 475,000. Matumizi yako ni 220,000. Kwa wastani unabakiwa na 255,000 kila mwezi, na mtu wa benki atafurahi. Lakini mwezi mbaya unabakiwa na 30,000 tu.

Sasa tuseme benki inakununulia nyumba ya kumalizia kwa milioni 10 na kukuuzia kwa milioni 15 ulipe kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo murabaha, na Benki ya Watu wa Zanzibar ni miongoni mwa zenye huduma za Kiislamu, kwa wanaoogopa riba. Malipo ni 250,000 kwa mwezi. Kwa wastani unaweza. Kwa mwezi mbaya umepungukiwa 220,000, na miezi mibaya hufuatana. Miezi sita ya upungufu huo ni 1,320,000.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkopo wowote, iwe riba au murabaha, uwe na pesa hiyo pembeni, mahali ambapo harusi ya binamu haiwezi kuifikia. Au uiombe benki ikupangie malipo makubwa wakati wa mavuno na madogo wakati mwengine. Kuuliza si aibu.

Sisi hatukuchukua mkopo. Tulicheza upatu wa watu kumi, na kila zamu yetu ilipofika pesa ilikwenda benki siku ile ile. Haikulala nyumbani.

Shamba halikuuzwa

Mwaka wa tatu wa kutafuta, mama mkwe alituita. Mume wangu ana sehemu yake ya shamba Bambi, alioipata baada ya mirathi kugawiwa rasmi. Mama akasema: "Mwanangu, uzeni. Watoto wanakua kwenye nyumba ya watu." Hakuwa na makosa. Vyumba vilikuwa viwili, watoto wanne, na mwenye nyumba alikuwa anapandisha kodi.

Usiku ule tulichukua daftari. Tuliandika ndizi, muhogo na maembe tuliyouza kwa miaka mitatu, na chakula tulichokula bila ya kununua, maana hicho nacho ni pesa. Tukaona kwamba tukiuza shamba tutapata nyumba mara moja, halafu tutanunua kila mkungu wa ndizi sokoni maisha yetu yote, kwa mshahara ule ule. Mume wangu akamwambia mama, "Nitakupa nyumba, lakini shamba litaijenga. Tuvumilie." Mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaja na mchango wake wa bati nane.

Sitakuficha gharama ya kusubiri. Mtoto wetu wa kwanza alimaliza skuli tukiwa bado tunakodi, na bei za viwanja zilipanda mbele ya macho yetu. Mwenye shamba lisilozaa, au lenye ugomvi usiokwisha, hesabu yake inaweza kuwa nyengine. Ninachoomba ni kwamba ulipige hesabu kwa daftari, miaka mitatu nyuma, ndipo uamue.

Mwisho tulipata nyumba ya kumalizia: kuta zimesimama, paa hakuna, mwenyewe ameishiwa. Nyumba kama hizo ni nyingi, na kwa mtu wa msimu ndizo zinazofaa. Sitataja bei, kwa sababu bei ya mwaka ule leo itakudanganya. Mwenyewe alikubali awamu tatu katika miezi kumi na minane, kwa maandishi. Tuliezeka vyumba viwili na choo, tukahamia, na kodi tuliyokuwa tunalipa ikaanza kununua matofali.

Ukimalizia pole pole, nunua matofali na bati mapema, vinasubiri. Saruji nunua wakati fundi yupo, kwa unyevu wa kisiwani hugeuka jiwe ndani ya mfuko. Mchanga una vibali na masharti yake, uagize kwa njia halali na upate risiti.

Siku ya kulipa

Nenda kwa sheha kwanza, umuulize nyumba ni ya nani na kama ina kesi. Nenda ofisi ya ardhi na nambari ya hati, usitosheke na kivuli chake, na uulize uhaulishaji unafuata hatua gani na gharama gani. Kwa huku kwetu uliza pia mipaka ya uwanja wa ndege. Kubaliana na dalali ujira wake kabla hajakuonyesha nyumba. Lipa kupitia benki, kila awamu na karatasi yake na mashahidi wake, na karatasi iseme nini kitatokea upande mmoja ukishindwa.

La mwisho, na nalisema hasa kwa akina mama wanaouza mboga: jina lako liandikwe. Kama ndizi zako zimenunua bati, hati iwe na majina mawili. Mume wangu hakunigombeza nilipolitaja. Alisema tu, "Na herufi za jina lako uziangalie mwenyewe, wale huandika vibaya."

Mwenye suali anisimamishe nikipita shamba, na aje na daftari lake. Wiki ijayo, inshallah, tunarudi kwenye nyanya: mnyauko umeanza tena.