Daftari la Kanisa

Ewe msomaji, neno ushirika lina kazi nyingi katika lugha yetu. Wakulima wauzao kahawa au maziwa yao kwa pamoja huwa na chama cha ushirika. Wakristo wakusanyikapo kula mkate na kunywa divai kwa kumkumbuka Bwana wao, huiita karamu hiyo Ushirika Mtakatifu. Na watu wa kanisa moja huambiwa kuwa ni washirika wao kwa wao. Kwa miaka mingi nilidhani kuwa nalijua neno hili, kwa sababu nililisikia kila Jumapili. Kumbe nililijua kwa sikio tu. Aliyenifundisha maana yake hakuwa askofu wala mwalimu. Alikuwa mwanamke mzee aliyefagia kanisa letu.

Kanisa hilo lilikuwa dogo, nalo lilikuwa bara, upande wa Kisauni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Paa lake lilikuwa la mabati, na kengele yake ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa katika tawi la mwembe. Waliosali humo walikuwa watu wa kila namna: Wagiriama na Warabai, Wataita, Wakamba, Waluo na Waluhya, makuli wa bandarini, makarani, wachuuzi, waalimu, na wengine wasio na kazi. Ungalituona tukiimba ungalisema kuwa hawa ni wana wa mama mmoja. Lakini ungalingoja mpaka baada ya baraka, ungaliona jambo jingine. Kila kundi lilisimama katika kivuli chake, likazungumza lugha yake, kisha likashika njia yake. Hatukuchukiana. Tulikuwa tumezoea kupitana tu.

Mimi nilikuwa karani wa kanisa. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la washirika. Aliyehudhuria ibada nilimwekea msalaba mdogo mbele ya jina lake, na asiyehudhuria nilimwekea sifuri. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na mistari yangu niliipiga kwa rula. Nakiri kwako, msomaji, kwamba nililionea fahari daftari lile.

Mwanamke niliyemtaja alikuwa mjane asiye na mtoto, na jamaa zake walikuwa mbali. Sote tulimwita Nyanya. Kila Jumamosi alfajiri alikuja na ufagio wake wa njukuti, akafagia ndani, akafagia na majani ya mwembe nje, akaenda zake. Siku ya Jumapili alikaa katika benchi la mwisho karibu na mlango. Jumapili moja hakuja, nami nikaandika sifuri. Jumapili ya pili nikaandika sifuri nyingine. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo, hata sifuri zile zikapangana mbele ya jina lake kama vifungo vya kanzu. Niliona vumbi juu ya mabenchi, nikafikiri kwamba wanawake wataliangalia jambo hilo.

Jumapili ya tano, tulipotoka ibadani, tulimkuta Mwislamu mmoja amesimama chini ya mwembe, amevaa kanzu na kofia. Alikuwa amengoja kwa adabu mpaka tumalize sala. Alitoa salamu, akaomba kuonana na mkubwa wetu. Padre alipomkaribia alisema, "Mzee wenu wa kike amelala mwezi mzima sasa. Mke wangu humpelekea uji asubuhi na jioni, nasi tutaendelea inshallah. Sikuja kuwalaumu, Padre. Nimekuja kuuliza kama mna habari."

Hatukuwa na habari. Tulifuatana naye, padre, wazee wawili wa kanisa, na mimi. Chumba chenyewe kilikuwa uani katika nyumba ya makuti, hata hatua mia tatu hazikutimia kutoka mwembe wetu. Nyanya alikuwa kitandani, amekonda sana, lakini shuka yake ilikuwa safi kwa hisani ya jirani. Alitupokea kwa furaha. Akaomba radhi kwa kuwa hakuweza kufagia. Kisha akasema, "Kila Jumapili niliisikia kengele. Nikajiambia, wakitoka watapita hapa."

Hakuongeza neno. Afadhali angalitutukana.

Usiku ule nilifungua daftari langu, nikazitazama zile sifuri. Katika kanisa zima hapakuwa na mtu aliyejua mapema kuliko mimi kwamba Nyanya hayupo. Nilikuwa nimelihesabu pengo lake, nimeliandika kwa mwandiko mzuri, nimelifunika kwa jalada. Wahenga walisema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kipimo hicho rafiki wa Nyanya alikuwa jirani asiyesali nasi. Sisi tulioimba naye miaka mingi tulikuwa wapita njia.

Tulipokutana kuulizana, tuligundua kwamba hapana aliyemdharau mzee yule. Vijana walifikiri kuwa akina mama wamekwenda kumwona. Akina mama walifikiri kuwa wazee wa kanisa wamekwenda. Wazee walimtegemea padre. Naye padre, mwenye makanisa manne ya kuangalia, alitegemea kuwa kukiwa na neno karani atamwambia. Hivyo ndivyo ilivyo, msomaji, mzigo unapowekwa mabegani mwa watu wote kwa jumla: huanguka chini, na kila mmoja hushangaa kuuona chini.

Katika mkutano huo padre alitukumbusha kuwa kosa letu ni la kale. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza habari za kanisa la kwanza kule Yerusalemu, ambalo watu wake waliuza mali zao wakagawana. Hata hivyo haukupita muda mrefu manung'uniko yakazuka: wajane wa waumini wasemao Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Tazama, kosa lilikuwa la namna ile ile: mjane amesahauliwa, na lugha imetenga. Mitume hawakutoa hotuba juu ya upendo tu. Waliagiza watu saba wachaguliwe, nao wakatwikwa kazi ile, na majina yao yakaandikwa. Ukiyasoma majina hayo, kuanzia Stefano na Filipo, utaona kuwa yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika walipewa watu walioijua lugha yao.

Mfano mwingine tulikuwa nao mlangoni. Si mbali na kanisa letu pana mahali paitwapo Kengeleni. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, kwa kushurutishwa na Waingereza, alikubali kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha hapo makao ya watumwa waliookolewa, nayo yakaitwa Frere Town. Walioletwa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja amenyang'anywa kwao, hana baba wala shangazi wa kumkimbilia. Kengele ya mahali hapo, ambayo ndiyo asili ya jina, iliwaita watu kusali. Tena iliwaonya kila washika watumwa walipokaribia. Fikiri maana yake. Kwa watu wale, kwenda kuabudu na kwenda kumwokoa jirani kuliitwa kwa sauti moja ya chuma. Sisi tulikuwa tumeibakiza nusu ya kwanza, tukaiacha nusu ya pili.

Basi tulifanya nini? Hatukubuni njia mpya. Watu wa Uamsho, ambao ulianza Rwanda na Uganda ukafika Kenya mwaka 1937, walikuwa na desturi ya kukutana kila juma, watu wa makabila mbalimbali wakiitana ndugu na kuungamiana makosa yao. Nao maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki, mwaka 1976, walihimiza ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika mitaa. Sisi tuliigawanya orodha ya daftari langu katika makundi ya nyumba kumi au kumi na mbili. Tuliyagawanya kwa ujirani, wala si kwa kabila. Kila kundi lilikutana jioni moja katika juma, leo nyumbani kwa huyu, juma lijalo nyumbani kwa yule. Na sharti moja lilishinda yote: asiyeonekana Jumapili lazima atembelewe kabla ya Jumapili ya pili, na jina la atakayekwenda litamkwe hapo hapo.

Usidhani kuwa mambo yalinyooka mara moja. Katika kundi langu karani mmoja mwenye mshahara mzuri alitupikia pilau zamu yake ilipofika. Zamu iliyofuata ilikuwa ya kuli wa bandarini, naye akaiahirisha mara mbili, akisema kuwa anaumwa. Nilipomtembelea niliona ukweli: alikuwa na kigoda kimoja, wala hakuwa na kitu cha kupika. Pilau ile, iliyopikwa kwa wema, ilikuwa imemfungia ndugu yetu mlango. Tukakata shauri kwamba nyumba yo yote isitoe zaidi ya chai ya mkandaa na mahamri, na kila mgeni aje na mkeka wake. Jioni ya zamu ya kuli yule tulikaa uani kwake juu ya mikeka, katika mwanga wa taa ya chemni, nami nasema kweli kuwa sijapata kusikia sala tamu kuliko za jioni ile.

Kulikuwa na magomvi pia. Wanawake wawili waligombana kwa ajili ya zamu ya bomba la maji, na mmoja akaapa kuwa hataingia nyumba ya mwenzake. Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu akumbukapo madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake, aende akapatane naye kwanza. Tulijitahidi kuwapatanisha muda wa miezi mitatu. Mwishowe mmoja alihamia kanisa jingine. Sikufichi jambo hili, kwa sababu ushirika haufanywi na watu wasiokosana. Tena wakati mwingine hushindwa, na walioshindwa hawana budi kukubali kuwa wameshindwa.

Nyanya alipata nafuu, akaishi miezi minane. Kundi letu lilikutana kwanza chumbani mwake, kwa kuwa hakuweza kutembea mbali. Alipofariki, watu wa makabila yote walibeba jeneza kwa zamu, na mke wa yule jirani Mwislamu alikaa matangani na akina mama zetu kama mfiwa, maana kwa hakika alikuwa mfiwa. Siku ya pili nilipiga mstari mwekundu katika daftari mwisho wa jina la Nyanya. Zile sifuri nne za mwanzo ningaliweza kuzifuta kwa wembe, kama tulivyofanya makarani tulipokosea. Sikuzifuta. Hazikuwa kosa la mwandiko.

Labda wewe si mzee wa kanisa, msomaji wangu, na pengine dini yako ni nyingine. Lakini una bweni, una darasa, una kwaya au chama cha wanafunzi wa dini yako. Humo mna mtu ambaye kiti chake kimekuwa kitupu tangu juzi, au ambaye yupo lakini ameacha kucheka. Kiranja ameandika katika orodha kuwa hayupo, na wote wanadhani kuwa yuko mtu aliyekwenda kumwangalia. Usingoje uteuliwe. Muulize jirani yake anakolala, kisha nenda, na ukiweza nenda na mwenzako mmoja. Yamkini utakuta kwamba hana shida kubwa, mkacheka, mkarudi pamoja. Na yamkini utamkuta amelala ametega sikio, akisikiliza nyayo za wapitao.