Likizimika Mbuyuni

Mwezi Juni 2005 dalali mmoja wa Dar es Salaam alipandisha kichwa cha semi hadi Ipogolo, akakiegesha mbele ya gereji ya fundi wetu, akawapa vijana sabuni wakakiosha. Kilikuwa cheupe, kabini imeinuka, taa zimelala kama macho ya mtu aliyeshiba. Watu wa Ipogolo hawashangai lori. Pale chini ya mji wa Iringa magari ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Lakini siku hiyo hata mama ntilie waliacha vyungu vyao wakaja kutazama, kwa sababu toleo lile lilikuwa halijawahi kulala pale. Huko Ulaya lilikwisha kutembea miaka minane. Kwetu lilikuwa ndiyo kwanza linazaliwa.

Chapa yake nitaiacha, maana yaliyolipata baadaye hayakuwa makosa ya aliyeliunda peke yake.

Baba alikuwa na kichwa kimoja, Scania 113, na mimi ndiye niliyemtunzia daftari la mahesabu. Dalali alitaka tumpe 113 na juu yake milioni kumi na mbili. Baba alilizunguka lile gari mara tatu kimya, hakufungua hata mlango. Kisha akamwendea fundi aliyekuwa ameinamia difu ya mtu mwingine.

"Fundi, hili ukilifungua, utalifunga?"

Fundi akajifuta mikono. "Mzee, kulifungua nitalifungua."

Baba akacheka, akamshukuru dalali, akamtakia safari njema. Mimi nilinuna siku mbili. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilikwisha kujiona nimekaa kwenye kile kiti cha abiria kinachopumua kwa hewa.

Ilinichukua muda kuelewa sababu ya Baba. Baba alianza utingo mwaka 1975 kwenye Fiat zilizokuwa zikipeleka mafuta Zambia, barabara ya TANZAM ikiwa bado inanuka lami. Akaja kushika usukani wa Scania, na kwa Scania alijifunza jambo moja lililomkaa. Zile namba zilikuwa zinasema ukweli: 110, 111, 112, 113. Kumi na moja ni lita za injini, tarakimu ya mwisho ni kizazi. Sura ilibadilika, pua ikaondoka, kabini ikawa na pembe, lakini moyo uliendelea kuwa ule ule wa lita 11, wanaurekebisha kidogo kidogo. Aliyefungua 111 hakupotea ndani ya 113. Tena magari hayo yalikuwa yakiunganishwa hapa hapa nchini, TAMCO Kibaha, kwa hiyo ujuzi wake ulisambaa hadi kwenye gereji zisizo na paa. Toleo jipya la namna hiyo halikumtisha mtu. Ni kama mtoto wa jirani aliyerudi na ndevu. Unamtambua kwa sauti.

Kilichovunja ukoo huo ni moshi. Ulaya ilizidi kukaza viwango vya moshi wa malori, Euro 1 mwaka 1992, kisha Euro 2, na Euro 3 ilipofika 2000 kompyuta ilikuwa imekwisha kushika kazi ya kugawa dizeli kwenye injini. Mercedes-Benz walipotoa Actros mwaka 1996, lilikuwa gari ambalo gia, breki na injini vinazungumza kwa nyaya. Toka hapo mwaka wa kwanza wa toleo ukawa na maana nyingine: sura ngeni na moyo mgeni kwa pamoja.

Lile gari jeupe lilinunuliwa na jirani yetu, mfanyabiashara wa mbao. Lilipiga kazi miezi minne, likala mafuta machache kuliko letu, na likipanda mlima Kitonga sauti yake ilikuwa kama ya basi. Mwezi wake wa tano kazini likazimika Ruaha Mbuyuni, chini kabisa ya mlima, na tela la mbolea ya kwenda Lusaka.

Fundi wetu alishuka na kisanduku chake cha spana. Alikuta dizeli ipo, oili ipo, hakuna kilichovunjika wala kinachovuja. Kuna taa moja tu ya manjano kwenye dashibodi. Alikaa siku mbili. Aliporudi aliniambia kuwa katika maisha yake hajawahi kuona gari zima lililokataa kwenda. Mtu aliitwa kutoka Dar na mashine ya kupimia, akalipwa kwanza nauli, pili posho, tatu kusoma. Mashine ikasema nozeli zimekufa. Zilikuwa zimeuawa na dizeli.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa gari. Pampu ya zamani, ile ya mstari iliyofungwa ubavuni mwa injini, inalainishwa na oili ya injini. Ukiinywesha dizeli mbovu inakohoa, inatoa moshi, lakini inakufikisha. Nozeli za mtindo mpya zinabana dizeli kwa nguvu kubwa mno na hazina mlainishaji mwingine ila dizeli yenyewe. Sasa miaka ile mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko dizeli, na kulikuwa na watu wenye mikono miepesi kwenye matangi. Uchakachuaji, tuliuita. Mafuta ya taa ni makavu. Gari la Baba liliyanywa miaka yote hiyo likinung'unika tu. Lile la jirani lilikuwa limeundwa kwa ajili ya nchi ambayo dizeli ni dizeli.

Baada ya hapo ikaja habari ya spea. Jirani alikwenda kuzitafuta kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, akarudi mikono mitupu, na dereva mmoja mzee akamweleza kwa nini, bila kupepesa macho: spea za mtumba zinatoka kwenye ajali. Gari ambalo bado halijaanguka vya kutosha halina spea. Nimekuwa kwenye biashara hii miaka mingi sasa, na sijasikia mtu aliyeieleza vizuri zaidi.

Wiki tatu lilikaa pale. Baba hakusema "nilijua". Alipeleka 113 tupu likakivuta kile kichwa hadi Ipogolo. Tela likabaki Mbuyuni na walinzi wawili na jiko la mkaa.

Tangu hapo nyumbani tukawa na kanuni. Mwaka wa kwanza wa gari hauhesabiwi tangu kiwandani, unahesabiwa tangu lifike kwa fundi wako. Na dawa yake ni moja, kungoja. Waache wenye haraka wafundishe mafundi kwa pesa yao, waangushe magari yao tupate spea, wachome nozeli mpaka serikali isikie harufu.

Na kweli, kungoja kulilipa. Septemba 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane. (Neno uchakachuaji lilikwisha kuchoka na mafuta, mwaka huo wa uchaguzi likahamia kwenye kura.) Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa hadi faida ya kuyachanganya ikayeyuka, ingawa walioumia zaidi walikuwa bibi zetu wenye vibatari. Kuanzia 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Miaka hiyo hiyo Iringa ikapata vijana wenye kompyuta ndogo na waya. Mmoja alikuwa mpwa wa fundi wetu, aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA akajifunza mengine kwenye video za Wahindi na Warusi. Mjomba alishika spana, mpwa akashika kompyuta, na mwisho wa wiki waligombana nani amefanya kazi.

Mwaka 2013 tulinunua toleo lile lile la gari jeupe, si lile la jirani lakini pacha wake. Gerezani spea zake zilikuwa zimelala hadi barabarani. Kwa hiyo "gari letu jipya" tulilinunua likiwa na miaka kumi na sita, na lilitufanyia kazi miaka tisa mingine. Baba alikuwa sahihi, na mimi nilikwisha kumwambia.

Mwaka 2023 nilikuwa na vichwa vitatu na Baba alikuwa amebaki na kazi ya kukaa kwenye benchi la gereji akikosoa. Muuzaji wa kampuni moja ya Dar alinipigia: toleo limesukwa upya, chesisi, kabini, injini, vyote, mwaka huu ndio wa kwanza kuletwa nchini, benki iko tayari kunikopesha hata mawili. Nikaenda kuyaona. Kabini yake ni usafi mtupu. Lina tangi la dizeli na pembeni tangi la AdBlue, maji yenye urea asilimia 32.5 yanayosafisha moshi. Yakikuishia, gari linajipunguzia nguvu lenyewe kama adhabu. Nikauliza mangapi yako barabarani. Ya kuhesabika kwa vidole.

Kanuni ya nyumbani ilikuwa wazi, na nilitaka kuifuata. Nilimchukua mpwa wa fundi, ambaye sasa ana mvi zake, akachomeka waya wake. Kompyuta yake ililiona gari, ikasoma jina na kilomita, basi. Vingine vyote vinataka ruhusa kutoka kwa mtengenezaji, kwa intaneti, kwa namba ya siri ya wakala. Nikamwuliza, nikingoja miaka minane utakuwa umeipata? Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Dada, hili halingojewi."

Nililala na jibu hilo wiki nzima. Zamani muda ulikuwa unafanya kazi upande wetu: ulileta mafundi, ulileta spea, ulishusha bei. Sasa ujuzi wa gari hili hautatoka kwa wakala hata likizeeka. Nikilinunua mtumba mwaka 2031 nitapata kufuli lile lile, ila bila dhamana. Ama nilichukue likiwa jipya, mwenye ufunguo akiwa bado ananihitaji, ama nisilichukue kamwe. Sikupenda pande zote mbili.

Nilimpeleka muuzaji kwa Baba. Muuzaji alikunywa chai, akaeleza habari za setilaiti: gari likiwa na tatizo lolote, ofisi ya Dar inajua kabla dereva hajashika simu.

"Vizuri," Baba alisema. "Likizimika Mbuyuni saa nane za usiku, mtajua."

"Papo hapo, Mzee."

"Kujua nimeelewa. Kuja je?"

Muuzaji alifungua mkataba. Ulikuwa na kilomita za dhamana, vipuri, kazi ya fundi. Siku za gari kusimama hazikuwemo, wala mzigo kuchelewa, wala mlinzi wa tela. Nikamwomba aandike kwamba likisimama zaidi ya siku tano watanipa jingine la kumalizia safari. Akasema hilo hajawahi kumwandikia mtu. Nikamwambia aulize. Aliuliza, ikawa siku kumi, kwa safari za ndani ya nchi tu. Nikasaini gari moja. La pili benki wakae nalo.

113 sikuiuza. Haibebi tena mzigo wa maana, bima yake inanitia hasara kila mwaka, ila chuma chake cha kuvutia kimepakwa grisi na kinakaa nyuma ya kabini.

Gari liliingia Ipogolo siku ya Jumamosi. Fundi mzee alitolewa kwenye kiti chake, akalizunguka taratibu kwa mkongojo. Akainua kifuniko cha mbele, akachungulia kwenye plastiki nyeusi iliyofunika kila kitu.

"Nikilifungua?"

"Dhamana inakufa, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akapapasa ubavuni mwa chesisi, akasogea hatua moja, akapapasa tena, mpaka mkono wake ukatua kwenye chujio la dizeli. Akaligonga kwa kidole, akamwita utingo.

"Hili utalimwaga maji kila asubuhi. Usingoje taa."