Mahameli ya Damu ya Mzee

Kitambaa kilichomo ndani ya gari hakichakai kama nguo ya mwilini. Nguo hufuliwa, huanikwa, hukunjwa na kupumzishwa sandukuni. Kitambaa cha kiti hakivuliwi kamwe. Hukaliwa kikiwa na jasho, hupigwa na jua la kupitia kioo, na siku ya mvua hupokea matope ya kila apandaye. Katika Ngenge, kata iliyomo wilayani Muleba, mkoani Kagera, kiangazi kina vumbi lisilo na adabu. Hupita penye mpira wa mlango uliokauka, likajipachika katika kila uzi, na hapo likafanya kazi ya msasa kila abiria anapojigeuza.

Mwalimu mmoja mstaafu wa huko anayo Toyota Mark II ya kizazi kile ambacho mafundi hukiita GX81, iliyoundwa Japani mwaka 1990. Ilifika mikononi mwake mwaka 2003, ikiwa imekwisha kuwatumikia wengine. Kwa nje haikuwa na la kusifiwa. Fahari yake ilikuwa ndani: viti na sehemu ya milango vilivikwa mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Wapenzi wa ushairi wa pwani hawana haja ya kuelezwa uzito wa neno mahameli. Ni neno la majumba, la mito ya maharusi na majoho ya wakubwa. Viwanda vya magari vikaichukua fahari hiyo, vikaifuma kwa nyuzi za plastiki, vikaitandika chini ya makarani. Si dharau ndogo, lakini huenda ndiyo njia pekee ambayo mahameli ingeweza kumfikia mwalimu wa shule ya msingi.

Mkewe alikuwa muuguzi, na kiti cha kushoto kilikuwa chake. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipoupiga mkoa wa Kagera na kubomoa nyumba nyingi, wao walikuwa bado wakiishi Bukoba mjini. Ukuta wa chumba chao ulipasuka, nao hawakuthubutu kulala ndani. Walilala garini, yeye kushoto, mumewe nyuma ya usukani, wajukuu wawili nyuma. Katika mojawapo ya siku hizo ukingo wa kiti cha kushoto ulichanika. Mama yule akachukua shazia na uzi mweusi wa pamba, akakata kipande cha kanga kuukuu, akatia kiraka. Kipande chenyewe kilikatwa penye jina la kanga, hata leo herufi tatu zinasomeka, na hakuna katika ukoo mzima akumbukaye jina hilo lilikuwa lipi. Alifariki mwaka 2019, na mzee akarudi Ngenge peke yake.

Watoto wake walishauri viti vyote vivuliwe, vivalishwe reksini nyeusi. Ushauri huo haukuwa wa ovyo. Reksini hufutwa kwa kitambaa kibichi ikatakata, nayo gari ingepata bei njema sokoni; mzee wa miaka sabini na zaidi ana haja gani ya kuendesha? Mzee aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akaendesha mwenyewe hadi Muleba mjini kwa fundi wa viti.

Fundi huyo ni kijana, na ni haki kusema kwamba anaijua kazi yake. Hakuanza kwa kushona. Aling'oa viti, akavipiga kwa ufito hadi vumbi likaisha, akavisugua kwa povu la sabuni na maji machache sana, kwa maana sponji iliyolowa hadi ndani haikauki upesi, na ikichelewa kukauka huvunda. Kisha akachemsha maji, akaupitisha mvuke juu ya mahameli huku akiichana kwa brashi laini. Mahameli ina malaika, kama ngozi ya mtu, na malaika hayo yakilazwa miaka mingi huonekana kama yamekufa. Mvuke huyaamsha. Penye kukandamizwa tu, rangi ilirudi; penye kuunguzwa na jua haikurudi, kwa sababu jua limekwisha kuuvunja uzi wenyewe.

Palipokuwa na matundu alitumia ujanja wa zamani. Mgongoni mwa kiti cha nyuma, mahali pasipofikiwa na nuru, mlikuwamo mahameli ileile ikiwa na rangi yake ya mwaka 1990. Alikata humo vipande, akavitia gundi kwa chini, akavishona kwa uzi wa nailoni. Hapa ndipo fundi mwema hujulikana: malaika ya kiraka sharti yaelekee upande mmoja na malaika ya kiti. Yakipishana, kiraka cha nguo ileile kitaonekana cha rangi nyingine. Mtunzi wa shairi anayeazima ubeti kutoka utungo mwingine, hata kama ni wake mwenyewe, anaifahamu aibu hiyo.

Nchi ile haikuanza leo kutia viraka. Kabla ya merikani, yaani pamba ya Marekani iliyopitia Unguja na kupanda bara na misafara ya karne ya 19, Wahaya walivaa nguo za magome ya miti. Majirani zao Waganda wanazitengeneza hadi leo, na mwaka 2008 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Gome la ndani la mti uitwao mutuba hubanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mbao hadi likatanuka na kulainika. Shina lililobaki uchi hufunikwa majani ya mgomba ili lipone na kuota gome jingine. Gome likiwa na tundu hutiwa kiraka kabla halijavaliwa hata mara moja. Nguo mpya, na tayari ina kiraka.

Kiraka cha kanga ndicho kilicholeta ugumu.

"Shikamoo tena, mzee," alisema fundi, akimwita karibu. "Uzi huu ndio unaokula kiti."

Ilikuwa kweli. Mama yule alishona kwa mkono wa mtu aliyechoka, akavuta kwa nguvu karibu mno na ukingo. Kila aliyekaa pale aliuvuta uzi, na uzi ukaikata mahameli kama waya. Ungeachwa, kiti kingepasuka hadi chini.

"Mwanangu, huo uzi hapana," alijibu mzee.

Hawakubishana. Mzee alitoka akakaa juu ya kiti cha nyuma kilichoanikwa uani, akanywa chai, akarudi. Aliuliza kama sindano inaweza kupita katika matundu yaleyale. Fundi akasema inaweza, iwapo kwa ndani patatandikwa turubai la kubeba uzito, ili uzi usiivute mahameli tena. Basi ukafumuliwa mshono mmoja baada ya mwingine, na kila tundu likapitishwa nailoni nyeusi, pamoja na lile moja lililokwenda upande, ambalo fundi alitaka kulinyoosha akakatazwa. Nyuzi za pamba zilitoka vipandevipande. Mzee alizitia katika bahasha. Kazi ya mkewe iliyobaki kitini ni matundu tu, na zile herufi tatu.

Dari haikutengenezwa. Kitambaa chake kimegandishwa juu ya sponji nyembamba, na sponji ya namna hiyo, kwa joto na unyevu wa miaka thelathini, hugeuka unga. Gundi mpya haishiki juu ya unga. Inapasa ubao wote uteremshwe, unga ukwanguliwe, kitambaa kipya kibandikwe kuanzia katikati kwenda pembeni. Fedha zilikuwa zimekwisha. Kwa sasa dari imeshikiliwa na pini za ubao wa matangazo, za rangi tatu, na abiria mrefu huombwa ainamishe kichwa.