Redio ya padri wa Sutatenza

Sisi tuliozoea kufungua redio kwa ajili ya nyimbo na habari za mpira, tukumbuke kidogo kijiji cha Sutatenza, katika milima ya Boyacá, nchi ya Kolombia.

Mwaka 1947 alifika pale padri kijana, José Joaquín Salcedo, kumsaidia paroko. Aliwakuta wakulima, Wakristu tangu zamani, lakini wengi wao hawakujua kusoma. Nyumba zao zilitawanyika milimani, moja huku, moja kule. Padri mmoja angewafundishaje wote? Kwanza aliwaonyesha sinema. Watu wakafurahi, hata alipotaka kujenga nyumba ya michezo wakamletea kuku, nao wakauzwa Bogotá. (Nasi twajua: penye maskini, sadaka mara nyingi ina manyoya.) Kisha akasimamisha mtambo mdogo wa redio, alioutengeneza ndugu yake. Nguvu yake ilikuwa wati 90 tu, kama taa moja ya umeme.

Sauti peke yake haimfundishi mtu kuandika. Kwa hiyo katika kila nyumba ya masomo aliwekwa jirani mmoja anayejua kusoma kidogo. Mwalimu aliposema redioni, yeye aliandika herufi ubaoni, akamsahihisha aliyekosea. Hakuwa mwalimu wa cheti. Twamfananisha na katekista wetu wa kijijini, ambaye bila yeye neno la padri lingepita juu ya vichwa vya watu.

Redio zenyewe zilikuwa za betri, na nyingi zilifungwa zisishike kituo kingine. Hapo sisi twasita. Mtu anayefundishwa kusoma, mbona asijichagulie la kusikiliza? Lakini hatuwezi kukana faida: pamoja na herufi na hesabu na dini, walifundishwa kutunza afya, kulima vizuri zaidi, na kutengeneza nyumba zao.

Kazi ikakua, ikafika Bogotá, na mwaka 1958 likatoka gazeti lao, El Campesino. Baadaye madeni yakazidi, tena palikuwa na ugomvi na wakubwa wa Kanisa juu ya mafundisho ya uzazi. Mwaka 1989 redio ikauzwa kwa watu wa biashara.

Barua za wasikilizaji hazikuuzwa. Zilipata kuwa zaidi ya milioni moja, na katika walioziandika wamo wakulima waliojifunza herufi zao mbele ya redio ile.